Zawadi Si Deni

Mnamo Aprili 2019 mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Moi aliuawa kwa shoka mjini Eldoret, mchana, karibu na hospitali alikokuwa akijifunza kuponya wengine. Kabla hajazikwa, wengi hawakuuliza kwa nini aliuawa. Waliuliza alikuwa amekula pesa za nani. Miezi saba kabla yake, mwanafunzi mjamzito wa Chuo Kikuu cha Rongo alipouawa, mienendo yake ndiyo iliyojadiliwa zaidi kuliko unyama aliotendewa.

Swali hilo halikuzuka hewani. Wageni wa mwaka wa kwanza wafikapo chuoni, baadhi ya wanafunzi wakongwe wa kiume huwafanya wasichana mawindo, na wakubwa hutabasamu wakisema ni mila. Mila gani hii? Aliyezoea kuhesabu soda, chipsi na nauli kuwa bei ya mtu, siku akikataliwa hujiona ameibiwa. Na jamii inayohesabu vivyo hivyo humhurumia muuaji kuliko marehemu.

Januari 27, 2024 maelfu waliandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Maandamano hupita, mila hubaki. Mdharau mwiba mguu huota tende. Kwa hivyo, walimu wenzangu, katika juma la kuwapokea wageni tutenge walau saa moja, tuwafunze wavulana na wasichana pamoja kwamba zawadi si deni, na kwamba anayekataa hana fidia ya kulipa.