Rimu Kubwa Si Fahari

Kila siku hapa Mbuya naiona desturi ya watu kuvua magurudumu ya motokaa zao na kutia rimu kubwa zing'aazo. Najua wenzangu wengi huzishangilia. Mimi nasema si busara, na sababu zangu ni hizi.

Mjomba wangu ni dereva wa teksi, na karo yangu hutoka katika motokaa hiyo. Mwaka jana aliuziwa rimu nne za alumini za inchi 17, pamoja na tairi zake, badala ya zile za chuma za inchi 15. Muuzaji alimwambia kwamba alumini ni nyepesi, basi gari litakwenda kama upepo. Mjomba akatoa fedha iliyowekwa kwa muhula wangu wa pili. Akaniambia, "Vumilia, mwanangu. Abiria hupenda gari zuri. Fedha itarudi upesi." Nikakaa nyumbani majuma mawili.

Kwa kuwa sikuwa na kazi, niliazima mizani ya muuza makaa nikapima. Gurudumu la zamani na tairi lake lilikuwa kilo 17. Jipya kilo 21. Je, muuzaji alisema uongo? Alisema nusu ya kweli. Kwa ujazo ule ule, alumini ina uzito wa kama theluthi moja tu ya chuma. Lakini haina nguvu kama chuma, kwa hiyo rimu yake humiminwa nene. Tena ikiongezwa kimo na upana, madini huongezeka. Basi jina la madini halitoshi. Mizani ndiyo isemayo kweli.

Mtu ataniuliza, "Kilo 16 kwa magurudumu yote ni kitu gani? Si mkungu mmoja wa matoke?" Namjibu kwamba mkungu ukiwa ndani ya buti hukaa kimya, bali gurudumu huzunguka. Kuliondosha kuna kazi mbili: kulisukuma mbele na kulizungusha. Uzito ulio ukingoni mwa gurudumu hudai kazi karibu mara mbili ya uzito ule ule uliowekwa ndani ya gari. Asiyesadiki apindue baiskeli yake, afunge nati mbili nzito kwenye spoki karibu na kitovu, zikabiliane, kisha azungushe pedali. Halafu azihamishie ukingoni, azungushe tena. Mkono wake utamwambia.

Hata hivyo sipendi kutia chumvi. Mara mbili ya kilo 16 ni 32, uzito wa mtoto mmoja wa shule. Mafuta hayatapanda sana kwa ajili hiyo tu. Hasara kubwa zaidi imo katika mashimo. Springi hubeba bodi, lakini hazibebi gurudumu. Gurudumu likirushwa na shimo, springi hulisukuma lirudi chini. Likiwa zito, huchelewa kurudi, na wakati huo tairi halikushika barabara, basi breki nazo hazina la kufanya.

Jioni moja baada ya mvua tulikuwa tukiteremka kilima chetu, mimi nimeketi mbele. Bodaboda iliyompakia mama na mtoto ikaingia mbele yetu. Mjomba akakanyaga breki, magurudumu yakarukaruka juu ya mashimo, tukasimama shubiri moja tu nyuma yao. Sisemi ni kosa la rimu peke yake, maana barabara ilikuwa imelowa. Lakini tangu siku ile mjomba hakuzisifu tena.

Juma lililofuata rimu moja ikapasuka katika shimo. Sababu yake ni rahisi. Kimo cha gurudumu zima hakina budi kubaki kile kile, ama sivyo saa ya mwendo itadanganya na tairi litakwaruza madigadi. Basi rimu ikikua, ukuta wa tairi hupungua. Wetu ulipungua kutoka milimita 127 hadi 101, na huo ukuta ndio mto wa rimu.

Wataalamu wa mbio walijua hayo zamani. Safari Rally ya Kenya iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, magari makubwa yalipita njia za vumbi na mawe kwa rimu za inchi 15. Za inchi 18 ni za mbio za lami. Je, barabara zetu zinafanana na zipi?

Sikatazi mtu kupamba gari lake. Ziko rimu nyepesi tena imara, lakini bei yake si ya teksi. Rai yangu ni kwamba anayetaka kubadili rimu aende na mizani kabla ya kufungua mfuko, na kwa barabara zetu achague rimu ndogo na tairi lenye ukuta mnene. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mjomba amerudisha magurudumu yake ya chuma, akauza zile rimu tatu zilizobaki kwa hasara, nami nimerudi darasani.