Lifti ikikwama Lubumbashi, mlinzi ndiye wa kwanza kufika: afundishwe

Katika majengo ya ghorofa ya Lubumbashi yasiyo na jenereta, umeme wa SNEL ukikatika, lifti husimama papo hapo. Walio ndani hugonga mlango na kupiga kelele. Anayewasikia kwanza si fundi, ni mlinzi au mfanyakazi wa usafi. Kishawishi chake ni kutafuta chuma aufungue mlango kwa nguvu. Nia ni njema, lakini inaweza kuua.

Lifti iliyokwama haitishi kama wengi wanavyodhani. Umeme ukikatika, breki hujifunga yenyewe na kukizuia chumba. Hewa nayo haiishi, kwa kuwa chumba hakikuzibwa kabisa. Hatari huanza mtu anapotolewa kati ya ghorofa mbili: chini yake kuna shimo wazi, akiteleza anatumbukia. Tena katika mji ambao umeme hurudi bila taarifa, lifti inaweza kuondoka mtu akiwa nusu nje.

Ndiyo maana mlinzi anapaswa kwanza kuzima swichi kuu ya lifti, hata kama jengo zima liko gizani. Kisha ampigie fundi, arudi mlangoni na kuzungumza na walio ndani: wako wangapi, yupo mgonjwa au mjamzito? Awaambie wasiguse mlango, wala asiwaache peke yao. Akiwapo aliyezidiwa, waitwe pia wazimamoto. Breki asiiguse, kwani lifti yenye watu wachache inaweza kupanda badala ya kushuka, ikivutwa na uzito wa upande wa pili.

Wenye majengo watasema fundi yupo. Yupo, lakini pengine yuko Ruashi au Kampemba, na njia imejaa magari. Dakika hizo zote ziko mikononi mwa mlinzi, ambaye huenda hajawahi kuonyeshwa swichi iko wapi.

Katanga ni nchi ya migodi. Inajulikana kwamba mtu hapaswi kuteremka shimoni bila kufundishwa usalama. Shimo la lifti nalo ni shimo. Kumfundisha mlinzi, kubandika namba ya fundi ukutani na kurudia zoezi kila walinzi wanapobadilishwa si gharama ya kumshinda mwenye ghorofa. Serikali ya mji nayo isiruhusu lifti itumike mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja wa zamu, mchana na usiku, anayejua la kufanya.