Maktaba Inajengwa, Mhadhiri Atakaa Wapi?



Chuo kikuu kinapotangaza kwamba kitajenga au kupanua maktaba, hesabu inayotajwa kwanza ni ya viti vya wanafunzi na idadi ya vitabu. Ndivyo ilivyokuwa Mlimani. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa na Rais John Magufuli Novemba 27, 2018, ilijulikana nchi nzima kwa takwimu mbili: wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na vitabu 800,000. Ni jengo la kujivunia. Lakini hesabu za namna hiyo zimekuwa kipimo cha kila mpango wa maktaba, na ndani yake mhadhiri haonekani. Anachukuliwa kuwa ana ofisi, basi yamekwisha.

Kwa vyuo vya afya, dhana hiyo inaumiza. Ifakara ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Afya cha Mtakatifu Fransisko, kilichoanza mwaka 2010 chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino Tanzania (SAUT), na jirani yake ni hospitali ya rufaa inayopokea wagonjwa kutoka Kilombero, Ulanga na Malinyi. Katika mji wa aina hii anayefundisha udaktari mara nyingi ndiye anayetibu. Asubuhi yuko kwenye raundi ya wodini, wanafunzi wakimfuata kitanda kwa kitanda. Mchana ana kliniki. Jioni anadaiwa mhadhara wa kesho na rasimu za tafiti za wanafunzi zinazosubiri kalamu yake. Ofisi ya daktari, popote pale, ni mlango wa kugongwa: muuguzi ana swali, ndugu wa mgonjwa ana wasiwasi, simu inaita. Nani aandike aya mbili zenye kichwa na miguu mahali hapo?

Bonde la Kilombero lenyewe linadai kuandikwa na kufundishwa. Tangu miaka ya 1950, Mswisi Rudolf Geigy alipoweka maabara ndogo ya utafiti Ifakara, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, mji huu umezalisha elimu ya malaria inayosomwa duniani kote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kijiji cha Idete kilishiriki majaribio ya chanjo ya malaria SPf66. Baadaye ukaja mradi wa vyandarua vyenye dawa katika Kilombero na Ulanga. Matokeo yake, yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2001, yalihusisha vyandarua hivyo na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne.

Watoto hao ni wa hapa hapa, na leo ni watu wazima. Mhadhiri anayetaka kuwafundisha wanafunzi malaria kwa mifano ya Idete, badala ya mifano ya mbali iliyo tayari kitabuni, anahitaji muda wa kukaa na makala za tafiti hizo bila kukatizwa, azilinganishe, achore majedwali, aandae maswali. Majarida mengi anaweza kuyapata kupitia HINARI, mpango ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji ili taasisi za nchi zenye kipato kidogo zisome bure au kwa ada ndogo. Tatizo ni kwamba nywila inatunzwa na taasisi, intaneti inasuasua, na anayejua njia zote za kutafuta ni mkutubi. Ndiyo sababu chumba cha kusomea cha wahadhiri kinapaswa kuwa ndani ya maktaba, karibu na meza ya mkutubi, na si katika jengo la utawala.

Kinachoombwa si sebule ya wakubwa. Ni meza kadhaa zenye soketi, makabati yenye kufuli ili mtu aache vitabu vyake usiku na kuvikuta asubuhi, na chumba kidogo cha pembeni chenye mlango wa kioo ambapo mhadhiri na mwanafunzi wanaweza kujadili utafiti bila kuwasumbua wengine. Umeme wa jua uwepo, kwa kuwa umeme wa gridi hukatika. Madirisha yaruhusu hewa kupita, kwa maana joto na unyevu wa bonde hili la mafuriko havimwachi msomaji wala karatasi.

Wapo watakaosema wanafunzi wenyewe wanagombania viti, hivyo kumtengea mhadhiri chumba ni dhuluma. Hoja hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa. Jibu lake ni utaratibu: wiki za mitihani, saa za usiku, chumba kifunguliwe kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Tena, rasimu ya utafiti inayorudi kwa mwanafunzi ndani ya wiki moja badala ya miezi miwili ni faida ya mwanafunzi huyo kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote.

Kosa linalojirudia katika vyuo vya mikoani ni kuwaita wahadhiri kwenye uzinduzi badala ya kuwaita mchoro ukiwa bado mezani. Ukuta ukishasimama, kinachobaki ni kugawa korido kwa mbao na kuiita chumba. Mamlaka za vyuo, Tume ya Vyuo Vikuu na wafadhili wa majengo waanze kwa kuwauliza wanaofundisha: wanasoma saa ngapi, wanahitaji nini, wanakwamia wapi. Majibu yao yaambatanishwe na mchoro unaopelekwa kwa mkandarasi, na bajeti ya chumba hicho iandikwe kwa mstari wake, isije ikafutwa fedha zikipungua.

Msomaji,
Ifakara, Morogoro