Maoni Yetu: Uswisi ishitakiwe kwao

Jumapili ya Machi 19, 2023, hati fungani za benki ya Credit Suisse zenye thamani ya takriban faranga bilioni 16 za Uswisi zilifutwa. Serikali ilikuwa imesimamia benki hiyo inunuliwe na mshindani wake, UBS, na mdhibiti wa masoko ya fedha, FINMA, akaamuru hati hizo ziitwazo AT1 zisiwe na thamani tena. Wenye hisa, ambao kwa kawaida ndio huanza kupoteza, walipewa hisa za UBS za faranga bilioni 3. Waliokopesha hawakupata hata senti.

Hasira yao ni halali. Lakini mwaka 2024 baadhi yao walikwenda New York kuishitaki Uswisi yenyewe, na hapo hatuko nao.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1976 inazikinga nchi za kigeni zisiburuzwe katika mahakama za huko, ila kwa sababu chache, na kubwa kati ya hizo ni biashara. Serikali ikiingia sokoni, itajibu kama wengine walioko sokoni. Ndiyo maana Argentina ilishindwa mwaka 1992: ilitoa hati fungani, ikaahirisha malipo, na Mahakama ya Juu ikasema hiyo ni biashara. Mwaka 2016 Samruk-Kazyna, mfuko wa serikali ya Kazakhstan, nao ulinyimwa kinga New York, katika kesi ya wawekezaji waliodai kupotoshwa kuhusu benki ya BTA, ambayo mfuko huo ulikuwa mmiliki wake.

Uswisi haikuuza AT1. Credit Suisse ndiyo iliyoziuza. Serikali ilitunga kanuni ya dharura, na mdhibiti akatoa amri. Ni mfanyabiashara gani awezaye kufanya hivyo? Uamuzi ule tunauona haukuwa wa haki, lakini ulikuwa kazi ya serikali. Jaji wa Manhattan akianza kupima amri za wadhibiti wa Bern, kesho atapima za benki kuu yoyote yenye wakopeshaji Marekani, na hakuna gavana atakayethubutu kuiokoa benki inayozama kabla ya kuwauliza mawakili wa New York.

Kinga hiyo, hata hivyo, tunaitetea kwa sababu mlango wa nyumbani ulikuwa wazi. Walalamikaji wapatao 3,000 walikwenda Mahakama ya Utawala ya Shirikisho huko St. Gallen, na Oktoba 2025 ikawasikiliza: amri ya FINMA haikuwa na msingi wa kutosha wa kisheria, benki ilikuwa ingali ikitimiza masharti ya mtaji, na kifungu cha dharura kilichotegemewa kilikiuka katiba. Serikali isiyo na mahakama yenye ujasiri wa namna hiyo haina haki ya kuwaambia wawekezaji wa kigeni waje kudai katika mahakama zake.

FINMA na UBS wameipinga hukumu hiyo mbele ya Mahakama ya Shirikisho, Lausanne. Isikawie. Amri ikibatilishwa, faranga hizo bilioni 16 zitatakiwa zitoke mfukoni mwa mtu. UBS ilinunua benki iliyokwisha kuondolewa deni, na aliyeliondoa ni serikali kupitia mdhibiti wake. Bunge la Uswisi lianze sasa kuamua nani atalipa, badala ya kuwaachia wenye hati kesi nyingine ya miaka.