MASTAA, DUBAI MNAYOTUPOSTIA SIYO NILIYOIKUTA MIMI

Leo naongea ukweli, atakayenuna anune.

Kuna staa mmoja wa Bongo, jina naliweka kapuni, aliposti picha yuko Dubai, sahani mbele, nyuma yake yale maji yanayocheza pale chini ya Burj Khalifa. Ile picha ilinikaa kichwani miezi. Sasa nikapata safari ya kufuata mzigo wa viatu Deira, mtaji nusu wangu, nusu mkopo wa kikoba cha mama. Siku ya pili tu nikamwambia binamu yangu, leo tunakula kama mastaa.

Jamani! Tumekaa dakika arobaini hata maji hatujaletewa. Steki imekuja ndogo kama kiganja cha mtoto, imepoa, pembeni viazi vitatu na jani. Nimevihesabu, vitatu. Nikaomba pilipili, mhudumu akaniangalia kama nimemtukana. Bili dirham 640. Dola moja ni kama dirham 3.67, kwa hiyo hapo ni zaidi ya dola 170. Halafu kule kuna VAT asilimia 5, na hotelini unaweza kukuta ada ya manispaa asilimia 7 na ya huduma asilimia 10, kwa hiyo menyu isome mpaka yale maandishi madogo ya chini. Mi sikusoma. Nikalipa pesa ya viatu.

Tukasema poa, klabu itatufuta machozi. Kwa wasiojua, Dubai pombe inauzwa sehemu zenye leseni tu, nyingi ziko ndani ya hoteli, na ukikamatwa umelewa barabarani ni kesi. Mlangoni baunsa akatuangalia juu mpaka chini. Wanaume wawili, hamna mdada, basi nunueni meza, kuanzia dirham 1500. Wadada wanapita bure. Tukabaki nje tunasikia besi, na ndani inapigwa amapiano, yaani muziki wa kwetu Afrika!

Saa saba usiku tuko Deira kwa Wapakistani. Biriani dirham 15, karak dirham 2, tumekula na madereva teksi na wabeba mizigo mpaka tukafungua mkanda. Hicho ndicho chakula kitamu kuliko vyote nilivyokula safari nzima, na hakuna aliyekipiga picha.

Sasa hapa ndipo najisuta. Unajua niliposti nini? Ile steki. Nikaandika "maisha ndiyo haya". Laiki zikamiminika. Kesho yake dogo mmoja wa mtaani akanifuata inbox, "bro, nauza pikipiki nije huko." Pikipiki ndiyo inamlisha yeye na bibi yake. Nilikaa siku mbili sijamjibu, kwa sababu kumjibu ni kukiri kwamba nimedanganya. Mwishowe nikampigia nikamwambia kila kitu, mpaka vile viazi vitatu. Pikipiki hakuuza.

Kwa hiyo siwalaumu mastaa peke yao, ila kwenu naanzia. Ukialikwa bure, andika umealikwa. Chakula kikiwa kibaya, sema kibaya. Kuna watu huku wanapanga maisha yao kwa picha zenu, na wao hakuna atakayewalipia bili. Na sisi wa kawaida tuache kununua picha kwa pesa ya mtaji. Dubai ni nzuri, nenda, ila kale wanakokula wanaofanya kazi pale.

Nilirudi na viatu pungufu pea 20. Mama akauliza, nikamwambia bei imepanda. Bei haikupanda. Mama, ukisoma hii nisamehe, rejesho la kikoba nitalimalizia mwenyewe.

Na wewe mdau, sema ukweli, picha gani uliposti unacheka huku moyoni unalia na bili?