Chakula Kikikwama, Itisha Picha

Niseme tu wazi: kusukumia kila tonge na maji si tabia. Ni dalili.

Mjomba wangu alianza hivyo. Kwanza nyama ikakwama, halafu ugali. Sisi tukamcheka, eti kula polepole, kwani nani anakufukuza? Akaenda kemisti, akapewa dawa ya vidonda vya tumbo. Ikaisha, akaongezewa. Miezi minane, wasee! Mtu anakonda mpaka mshipi unatobolewa mashimo mapya, na hakuna aliyesema hebu tuangalie ndani. Picha ilipopigwa, umio ulikuwa umebana ukabaki kama uzi. Saratani.

Hapo ndipo nakasirika. Gari likipiga kelele, fundi hufungua boneti kwanza. Mbona koo la mtu litibiwe kwa kubahatisha?

Na kuangalia si uchawi. Unakunywa bariamu, maji mazito meupe kama chokaa, na eksirei inayafuata yakishuka. Njia ikibana, inaonekana. Mlango wa tumbo ukikataa kufunguka, unaonekana. Kwa mtu aliyepata kiharusi, inaonyesha hata chakula kikipotelea njia ya hewa. Ni kweli eksirei pekee haithibitishi saratani. Hapo inashuka kamera, endoskopi, inakata kipande kidogo kikapimwe.

Mtasema hayo ni ya wazee. Kule Bomet, Hospitali ya Tenwek imeripoti wagonjwa wa saratani ya umio wenye umri wa chini ya miaka 30. Hao ni rika letu, manze.

Mwingine atasema doo. Kweli, vipimo ni ghali, na mashine haziko kila mahali. Hilo tuwapigie kelele wakubwa bila kuchoka. Lakini dawa isiyofaa ya miezi minane pia ni doo, na muda ukienda haurudi.

Sisemi kila kiungulia kipigwe picha. Nasema chakula kikikwama tena na tena, na kilo zinashuka, usikubali pakiti ya pili ya dawa. Nenda hospitali, muulize daktari: tunaangalia ndani lini?

Leo jioni mtazame mzazi wako akila. Ukiona anasukumia kila tonge na maji, usimcheke kama sisi. Mpeleke.