Mazoezi ya msimbo: Tanga imewahi kuwa na ghala la namna hii

KIJANA aliyemaliza kidato cha sita pale Usagara, jijini Tanga, akitaka leo kuingia katika kazi ya kuandika programu za kompyuta, ataambiwa jambo moja na karibu kila aliyemtangulia: fanya mazoezi ya algorithimu, kisha weka kazi yako kwenye ghala la pamoja ili watu waione.

Algorithimu ni utaratibu wa hatua kwa hatua wa kutatua tatizo. Mwenye lori la machungwa ya Muheza anayepima kama apitie Segera na Chalinze au ashike barabara ya pwani ya Pangani na Bagamoyo ili afike Dar es Salaam, anafanya hesabu ambayo Mholanzi Edsger Dijkstra aliiandikia utaratibu wake na kuuchapisha mwaka 1959. Mwanafunzi wa programu huurudia utaratibu huo kwa mkono wake, yaani huandika msimbo, ambao ni maelekezo yanayosomwa na kompyuta. Halafu huupeleka ghalani, wenye ghala huukagua, wakiridhika huupokea na jina lake hubaki katika daftari. Ghala kubwa kuliko yote ni GitHub, lililofunguliwa mwaka 2008 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2018 kwa dola za Marekani bilioni 7.5.

Mkulima wa korosho ataufahamu mpango huu haraka. Ni stakabadhi ghalani, isipokuwa mzigo hauuzwi na kila apitaye anaweza kuchukua nakala yake bila kupunguza kilichomo.

Hapo ndipo swali la kibiashara linapoanza. Kama mzigo hauuzwi, kijana anayenunua bando kwa fedha ya nauli anapata nini? Jibu la kawaida ni kwamba mwajiri ataziona kazi zake. Jibu hilo lilikuwa na nguvu zaidi miaka kumi iliyopita kuliko sasa.

Kwanza, watu walianza kuhesabu idadi. Kampuni ya DigitalOcean ya Marekani ilianzisha mwaka 2014 mwezi wa kuhamasisha michango, Oktoba kila mwaka, na zawadi ya fulana. Mwaka 2020 fulana ilitolewa kwa michango minne, na maghala yakafurika takataka: mtu anaongeza neno moja katika maelezo, anadai amechangia. Siku chache tu tangu mwezi uanze, waandaaji walibadili masharti, likahesabiwa ghala lililokubali kwa hiari yake. Fulana ilitosha kuharibu kazi ya watu waliokuwa wakijitolea!

Pili, zimekuja mashine zinazoandika msimbo. GitHub ilionyesha Copilot Juni 2021, chombo kilichofundishwa kwa msimbo ule ule uliowekwa hadharani na watu wa dunia nzima. Novemba 2022 baadhi ya waandishi wa programu walikwenda mahakamani Marekani kupinga kazi zao kutumiwa namna hiyo. Kwa mtafuta kazi matokeo ni mepesi kuyaona. Zoezi la kupanga namba kutoka ndogo hadi kubwa, ambalo zamani lilimchukua usiku mzima, sasa huandikwa na mashine kwa sekunde chache. Mwajiri mwenye akili hawezi tena kulichukua kama ushahidi wa ujuzi.

Kwa maoni yangu, kilichobaki na thamani ni mjadala wa ukaguzi. Chukua utaratibu wa kutafuta jina katika orodha iliyopangwa kwa kuigawa nusu kwa nusu. Orodha ya majina milioni moja humalizwa kwa hatua zisizozidi 20. Ni zoezi la wiki za mwanzo, kila mtu huliona limekwisha. Lakini Juni 2006 Joshua Bloch, akiwa Google, alieleza kwamba toleo lililomo katika maktaba ya lugha ya Java, ambalo aliliandika mwenyewe, lilikuwa na kosa kwa takriban miaka tisa. Kujumlisha mwanzo na mwisho ili kupata katikati kulizidi kipimo cha namba ambacho lugha hiyo inaweza kushika, orodha ilipopita vitu bilioni moja hivi. Ilitakiwa kubadili mstari mmoja. Kijana anayeweza kuonyesha mahali alipoulizwa swali la namna hiyo, akajibu, akasahihisha, ana kitu cha kumpa mwajiri.

Mkoa wa Tanga una historia yake katika jambo hili, na inatoka shambani. Katika kituo cha utafiti cha Amani, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 katika milima ya Usambara Mashariki, mtaalamu H. H. Storey alianza miaka ya 1930 kuzalisha muhogo unaohimili batobato na michirizi ya kahawia. Yeye na wenzake, akina Nichols na Jennings, waliuchavusha muhogo na jamaa zake wa porini, akiwamo mti wa jamii ya ule unaotupa kisamvu cha mpira. Kila mche ulipewa namba na kuandikwa. Mbegu zilipelekwa hadi Nigeria, na kutokana nazo taasisi ya IITA ya Ibadan baadaye ilipata aina zilizosambaa katika nchi nyingi za Afrika.

Kazi ya Amani ilisimama mwishoni mwa miaka ya 1950. Karne hii, watafiti waliochunguza muhogo uitwao Namikonga, unaolimwa kusini mwa Tanzania, na ule wa Kaleso wa pwani ya Kenya, walikuta ni kitu kimoja: mche namba 46106/27 wa Amani. Wakulima walikuwa wameutunza bila kujua namba yake. Wazalishaji wa mbegu wameutumia tena kama mzazi dhidi ya michirizi ya kahawia. Bila daftari, isingejulikana ulitoka wapi.

Mwandishi wa msimbo naye anahitaji daftari, na humo kuna neno ambalo vijana hulipuuza: leseni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazihesabu programu za kompyuta kuwa miongoni mwa maandishi yanayolindwa. Maana yake, msimbo uliowekwa hadharani bila leseni unasomeka, lakini mwingine hana ruhusa ya wazi ya kuutumia. Ukitaka chama cha ushirika kiuchukue bila hofu, weka leseni ya wazi. Ni ukurasa mmoja.

Tena mazoezi yenyewe yabadilishwe sura. Vitabu hufundisha njia fupi kwa vituo vinavyoitwa A, B na C. Hakuna kinachozuia viitwe Muheza, Korogwe na Pangani, na gharama iwe dizeli pamoja na saa ambazo mzigo unaweza kuvumilia joto. Kiwanda cha Tanga Fresh hupokea maziwa ya wafugaji wadogo kupitia vituo vya kukusanyia, na gari la kuzungukia vituo vingi kwa safari moja ni tatizo gumu kuliko la Dijkstra. Utaratibu unaotoa jibu bora kwa uhakika huelemewa haraka vituo vinapoongezeka, kwa hiyo wataalamu hutumia majibu ya kukaribia, na hapo kuna nafasi ya mwanafunzi kubishana na mkaguzi kwa wiki nzima. Ushirika wa wafugaji unaweza kusaidia kwa kutoa orodha ya vituo, umbali wa kimoja hadi kingine na lita za kawaida za asubuhi, bila majina ya wafugaji wala bei.